Spika Haikuwa Mbovu

Juzi nusura watu wawili wa mtaa mmoja, ambao baba zao walisali safu moja kwa miaka mingi, wapelekane kituo cha polisi kwa sababu ya spika. Mmoja ni mpwa wangu, mwana wa dada yangu, mwenye matatu ya abiria kumi na wanne inayofanya safari za Mwembe Tayari na Mtwapa. Wa pili ni mwenye duka, mtu mzima wa makamo yangu, anayeuza redio na spika za magari. Mpwa wangu alikuwa amenunua kwake sabufa tatu katika muda wa miezi saba, zote za inchi 12, na zote tatu ziliungua. Ya tatu ilipoungua aliichomoa, akaenda nayo dukani, akaitupa juu ya meza mbele ya wateja na kumwita yule mzee mwizi na muuza feki.

Ndugu msomaji, wewe wajua uzito wa neno hilo katika mitaa yetu. Mtu aweza kuishi miaka sitini akilikwepa, kisha akabandikwa siku moja na kijana aliyemjua tangu akiwa amebebwa mbeleko. Yule mzee hakujibu kitu. Alifunga duka mchana kweupe akaenda zake nyumbani.

Dada yangu ndiye aliyenijia. Pesa za sabufa ya tatu zilikuwa zake, alizitoa katika zamu yake ya chama, na kwa hivyo alikuwa na hasira mbili: ya pesa na ya aibu. Akaniambia, "Kaka, nenda ukaitazame hiyo spika. Kama ni feki tujue, na kama si feki pia tujue. Wewe ndiwe uliyejifunza mambo haya."

Kweli nilijifunza, ingawa ni zamani. Nilianza ufundi wa redio katika miaka ya sabini, wakati redio za valvu zilipokuwa zinakwisha na za transista zimeshika soko. Mkono wangu sasa watetemeka nikishika chuma cha kulehemu, lakini macho bado yanaona. Niliifungua ile spika barazani, watoto wamenizunguka kama ninachinja mbuzi.

Karatasi yake ilikuwa nzima. Gundi ilikuwa imeshika, na ile mikunjo ya kitambaa inayoibeba karatasi ilikuwa haijachanika popote. Lakini nilipoitoa koili, yaani ule uzi mwembamba wa waya uliozungushwa ndani ya sumaku, ilitoka nyeusi tititi, rangi yake imeyeyuka na nyuzi zimegandana kama kitumbua kilichosahauliwa karaini. Spika isiyo na ubora hufa kwa namna nyingi. Hupasuka, huachia gundi, hukatika waya wa pembeni. Hii haikufa kwa namna hizo. Hii ilipikwa, na aliyeipika si muuza duka.

Nikamwambia mpwa wangu alete gari.

Chini ya kiti cha nyuma nilikuta amplifaya nzuri tu, na ubavuni mwake kile kijiskrubu kinachozungushwa kwa bisibisi ambacho mafundi wetu hukiita geini. Kilikuwa kimekazwa hadi mwisho. Pembeni yake kulikuwa na kitufe kingine cha kuongeza besi, nacho kilikuwa mwisho, kwenye desibeli 12. Nikamuuliza ni nani aliyeviweka hivyo. Akanijibu kwa fahari kidogo: "Ni fundi, mjomba. Aliniambia, nimekufungulia yote."

Nimekufungulia yote! Kauli hiyo ndiyo iliyonitia kalamu mkononi, kwa sababu naamini imeunguza spika nyingi zaidi katika mji huu kuliko bidhaa feki zote zilizopita bandarini. Inadhaniwa kwamba geini ni bomba la nguvu, kwamba ukilifungua nusu wapata nusu ya wati ulizonunua na ukilifungua lote wazipata zote. Si hivyo hata kidogo. Kijiskrubu kile hakiongezi hata wati moja. Kazi yake ni kuiambia amplifaya itarajie sauti ya kiasi gani kutoka kwa redio.

Redio za magari hazifanani. Kuna ambazo hutoa volti 2 katika zile waya za kwenda kwenye amplifaya, kuna za volti 4, kuna za 5. Amplifaya haiwezi kujua imefungwa na redio ipi, kwa hivyo mtengenezaji huweka kijiskrubu, aghalabu kikianzia volti 6 upande wa chini na kuishia volti 0.2 upande wa juu. Ukikiweka kwenye 4 umeiambia: redio ikifika volti 4, wewe toa nguvu zako zote. Ukikikaza hadi 0.2 umeiambia: redio ikifika volti 0.2, toa nguvu zako zote. Sasa chukua redio ya volti 4, kama ile ya mpwa wangu, uifunge na amplifaya iliyokazwa hadi mwisho. Redio haijatoa hata sehemu moja kati ya ishirini ya uwezo wake, amplifaya imekwisha maliza. Na dereva hajafika hata Buxton. Bado mkono wake uko kwenye redio aongeza.

Je, amplifaya iliyokwisha kumaliza, ikiombwa zaidi, hufanya nini? Waliokulia katika nyumba za zamani za Mji wa Kale wataelewa upesi. Chumba kina dari ya boriti. Mtu akiruka kidogo hana neno. Akiruka zaidi, kichwa chagonga boriti, na hata akiruka kwa nguvu za farasi hapandi juu ya pale. Wimbi la sauti nalo ni hivyo hivyo. Kwa kawaida lapanda kwa mviringo, lafika kileleni, lateremka. Likikutana na dari, kile kilele hukatwa kikawa bapa kama meza, na chini vilevile. Dari hiyo imewekwa na umeme ulio ndani ya amplifaya, wala hakuna kijiskrubu cha kuipandisha.

Sasa ndipo penye moto. Wimbi lililokatwa vichwa vyake vyote likawa la pembe nne hubeba nguvu maradufu ya wimbi la mviringo lenye kimo hicho hicho. Hiyo ni hesabu ya fizikia, si maneno ya kijiweni. Amplifaya ya wati 500 ikikatwa namna hiyo huelekea kuitia spika karibu wati 1,000. Joto laongezeka maradufu, lakini karatasi ya spika haisukumi hewa kwa kadiri hiyo, na ni mwendo huo wa karatasi unaosaidia kuipoza koili. Basi koili yakaa pale, katika nafasi isiyozidi unene wa kucha, yachemka kutoka Mwembe Tayari hadi Mtwapa na kurudi.

Na kile kitufe cha besi? Kila desibeli 3 ni kuiomba amplifaya nguvu mara mbili. Desibeli 12 ni mara kumi na sita. Mpwa wangu alikuwa akiiomba amplifaya ya wati 500 itoe wati 8,000 katika gari la volti 12. Nilipomfanyia hesabu hiyo juu ya karatasi ya maandazi alinyamaza, na nilimpenda kwa kunyamaza kwake.

Kuna jambo lingine ambalo sijasikia fundi wa barabarani akilitaja. Sabufa zote tatu ziliungua zikiwa stejini, si barabarani. Mpwa wangu mwenyewe ndiye aliyenikumbusha, na alilifanya hoja yake: "Mjomba, gari lilikuwa limesimama tu!" Naam, lilikuwa limesimama, na injini imezimwa ili kuokoa mafuta, huku muziki wapigwa kwa nguvu kuita abiria. Injini ikinguruma, alteneta huipa amplifaya kiasi cha volti 14. Injini ikizimwa, betri peke yake yabaki na 12 na pointi kidogo, na hushuka kadiri inavyonyonywa. Katika amplifaya nyingi za magari dari nayo hushuka pamoja na betri. Kutoka volti 14 hadi 12 ni kupoteza kiasi cha robo ya nguvu. Sauti iliyokuwa ikipita salama barabarani yagonga boriti stejini, na makanga, akisikia imepungua, aongeza.

Hapa nitaulizwa: kama sauti imekatika hivyo, kwa nini hawa vijana hawasikii? Wana masikio kuliko sisi. Jibu ni kwamba sikio la binadamu ni shahidi dhaifu katika besi. Wimbi la juu likikatwa, kwa mfano sauti ya mwimbaji, utasikia mkwaruzo mara moja. Wimbi la chini likikatwa husikii mkwaruzo. Wasikia kama besi imenona. Kukatwa kule huzaa sauti nyingine ambazo hazikuwamo katika wimbo: wimbi la mitikisiko 50 kwa sekunde huzaa la 150, na la 250, na la 350, na kuendelea. Sikio letu husikia sauti hizo vizuri zaidi kuliko ile 50 yenyewe, basi mtu adhani besi imeongezeka, kumbe ni jeraha analolisikia. Zamani zile redio za valvu zilikuwa na huruma, zilianza kulalamika polepole kabla ya kufika dari. Hizi za sasa hazikuonyi.

Na tazama basi ni wapi sauti hizo za haramu zinapokwenda kukaa. Mitikisiko 150, 250, 350 ndiyo nyumba ya sauti ya mtu. Ni pale pale anapoimbia mwanamume. Utasema kuna chujio ndani ya amplifaya linalozuia sabufa isipige sauti za juu. Ni kweli, lakini chujio hilo lipo kabla, na kasoro yazaliwa baada yake, mlangoni pa kutokea. Hakuna wa kuizuia. Matokeo yake ni kwamba ngoma yamla mwimbaji. Hili laniuma mimi zaidi ya spika zilizoungua, kwani sisi ni watu wa maneno. Wapo vijana wanaopiga kaseti za marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, walizozihamishia kwenye simu, na mimi huwashukuru. Lakini nimepanda tuktuk kutoka Kongowea nikamsikiliza Bhalo mwendo mzima nisiambulie hata mshororo mmoja. Zipo santuri za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, hazina besi ya kutajika, zina mchakacho kama mvua juu ya makuti, na bado mtu huinama akafuata neno kwa neno. Utendi, nasaha, mafumbo, malumbano ya washairi, vyote hivyo vimo katika neno. Ukilipoteza neno umebaki na mtikisiko wa kiti.

Wala tusiwaonee matatu peke yao. Nimesali katika misikiti (siitaji, na najua si mmoja) ambamo khutba ya Ijumaa haieleweki kutoka safu ya nne, na wazee husema vipaza sauti vimezeeka. Nenda ukatazame ile amplifaya iliyo kabatini. Mara nyingi utakuta mtu mwenye nia njema amekaza vitufe vyote hadi mwisho, vya maikrofoni na vya sauti, ili wa nyuma wasikie. Wa nyuma wasikia kelele. Ni ugonjwa ule ule mmoja.

Najua wapo wenzangu wa rika langu ambao dawa yao ni moja: ipigwe marufuku. Wataje zile kanuni za kelele zilizotolewa na serikali mwaka 2009, na wanayo haki kuzitaja, kwani mgonjwa aliyelala ghorofani kando ya barabara naye ni mtu. Lakini mimi siafikiani na wanaofikiri kwamba muziki katika gari ni uhuni. Mpwa wangu aniambia gari lisilo na muziki hukaa stejini likijaa pole pole huku la mbele limeondoka, nami namwamini, maana ni yeye anayelipa mkopo wa gari, si mimi. Muziki ni sehemu ya biashara yake kama vile maua ya karatasi na mistari ya rangi. Ninachosema ni kwamba kama ni muziki, na uwe muziki.

Lawama kwanza naitupa kwetu sisi wateja. Tumewazoesha mafundi kwamba kazi nzuri ni ile inayotikisa vioo. Fundi aliyekaa nusu saa akipima na kukwambia "hapa ndipo mwisho wake" tutamwona hajui kazi, tutampa nusu ya malipo, na kesho tutakwenda kwa yule anayefungua yote. Fundi naye ana watoto. Lawama ya pili ni ya hayo makasha yanayoandikwa wati 3,000 kwa maandishi ya dhahabu. Msomaji, kabla ya kuamini kasha tazama fyuzi. Ukikuta amplifaya ina fyuzi mbili za ampea 30, jumla ni 60. Zidisha kwa volti 14, wapata wati 840 zinazoweza kuingia kwa kudumu bila fyuzi kukatika. Kinachotoka hakiwezi kuzidi kilichoingia, tena sehemu yake hupotea kuwa joto. Zile 3,000 zimetoka wapi? Zimetoka kwa mchapishaji wa kasha.

Na lawama ya tatu ni ya mafundi wasio na mita. Mita ya umeme ya mkononi yauzwa mjini kwa bei isiyofika ya sabufa moja, na ndiyo tu niliyotumia.

Nieleze tulivyofanya, kwa maana huenda kuna mwenye gari anayesoma hapa na bisibisi iko karibu. Tulizichomoa kwanza waya za sabufa kutoka kwa amplifaya, maana hupimi huku spika yateseka. Tukaurudisha mwanzo ule ufunguo wa besi, na katika redio tukaondoa kila pambo: besi, trebo, na kile kinachoitwa laudnesi, yote kwenye sifuri. Geini tukailegeza hadi mwisho wa chini. Kisha tukahitaji sauti moja isiyopanda wala kushuka. Kijana mmoja aliipata kwenye simu yake, ya mitikisiko 50 kwa sekunde, iliyorekodiwa kwa kimo cha juu kabisa. Nilichagua 50 kwa sababu: umeme wa majumbani Kenya ni wa mitikisiko 50, na hata mita ya bei rahisi imetengenezwa kuusoma huo. Injini ikawashwa.

Redio yake ina namba hadi 40. Nilisimama kwenye 30, kwani redio nyingi zenyewe huanza kukata mawimbi zikikaribia mwisho, na redio ikikata, amplifaya hupokea kitu kilichokwisha haribika, geini haitakiponya. Nikabandika kipande cha plasta kwenye 30 na kumwambia dereva kwamba huo ndio mpaka.

Hesabu yake ni fupi. Chukua wati halisi za amplifaya, zile za kudumu zilizo katika kijitabu, si za kasha. Zidisha kwa omu za spika. Kisha tafuta kipeo cha pili. Yake ni wati 500 kwa omu 2. Tano mia mara mbili ni 1,000, na kipeo chake cha pili ni volti 31.6. Hiyo ndiyo namba mita iisome katika mdomo wa amplifaya, wala isipite hapo. Ingekuwa spika ya omu 4 na wati hizo hizo ingekuwa volti 44.7, na ndiyo maana huwezi kuiga namba ya gari la rafiki yako.

Kwa udadisi, kabla ya kulegeza chochote, nilikuwa nimeipima kama fundi alivyoiacha. Mita ilipanda ikapita volti 40 redio ikiwa kwenye namba ya chini kabisa, ikakwama pale. Tuliongeza sauti, haikupanda. Tuliongeza tena, haikupanda. Mpwa wangu aliitazama ile mita isiyosogea kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi nikimweleza.

Sasa tukaanza upya. Nilizungusha kijiskrubu pole pole kutoka chini: 12, 19, 27. Kilipofika 31 na kidogo nikaacha. Hakikufika hata robo ya mzunguko wake. Mwenye kifaa cha kuonyesha mawimbi kiitwacho osiloskopu angefanya vizuri zaidi, kwa sababu angekiona kilele kikianza kukatwa badala ya kuamini namba za mtengenezaji. Mimi sina, na kwa kazi ya matatu mita yatosha ukiachia nafasi kidogo. Tukashusha redio, tukarudisha waya, tukafunga sabufa ya nne. Hiyo nilimnunulia mimi.

Makanga alisikiliza akasema, "Imepungua, mzee." Sikubishana naye. Kwenda kutoka wati 500 hadi 1,000 ni desibeli 3 tu, tofauti ambayo abiria aliyekaa akizungumza hataiona, na sikio huhesabu kuwa sauti imekuwa mara mbili pale inapoongezeka desibeli kama 10, yaani nguvu mara kumi. Yale yaliyopungua hayakuwa besi. Nilimwomba tu apige wimbo anaoupenda na aketi kiti cha nyuma kabisa. Alikaa. Baada ya muda akasema kuna gitaa katika wimbo ule ambalo hakuwa amelisikia.

Huyo makanga ndiye ninayemwogopea. Kupima geini hakuyaokoi masikio. Wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani, wale wa taasisi ya NIOSH, husema desibeli 85 ni kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda hukatwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, na ukifika 100 ni dakika 15 tu. Yeye hushinda mlangoni kuanzia alfajiri hadi baada ya isha. Ana miaka ishirini na miwili na tayari humwambia abiria "nini?" mara mbili. Nilimwomba mpwa wangu awe akiipunguza redio wakirudi na gari tupu, hakuna wa kumvutia. Alisema atajaribu, kwa sauti ya mtu ambaye hajaamua.

Lililobaki lilikuwa lile la dukani. Nilitaka twende wote wawili, akakataa, akasema aliyesema neno ni yeye. Alikwenda Ijumaa baada ya swala, na ile koili nyeusi ameifunga katika gazeti. Nilikaa kijiweni upande wa pili wa barabara na kahawa yangu, nikijifanya sitazami. Nilimwona akisimama mlangoni hadi wateja walipoondoka. Nilimwona akiifungua ile karatasi juu ya meza ile ile. Yule mzee aliigeuza koili mara mbili tatu chini ya taa, na kwa muda mrefu hakuna aliyesogeza midomo isipokuwa mpwa wangu.

Walipotoka pamoja, mzee alivuka barabara akanipa salamu, akaketi kando yangu, akaagiza kahawa. Hatukulizungumza jambo lile. Alipomaliza kikombe cha pili aliniuliza kama ile mita ningeweza kwenda nayo kwake Jumamosi asubuhi, kwa sababu gari lake mwenyewe lina sabufa, na aliyemfungia ni fundi yule yule.